Safu ya jina la baba

Nimekuwa kimya tangu theluji ya kwanza ilipoanguka, lakini sikulala. Jioni za baridi hii nimezimaliza nikisoma vitabu vya kanisa, vile vya ubatizo na ndoa, vya huku Uswidi na vya kwetu, na leo nataka kuwasimulia niliyoyakuta. Najua si mimi peke yangu niliyekulia katika nyumba ambayo ukiuliza "babu mzaa babu alitoka wapi?" unatumwa dukani kununua chumvi.

Nianze na hapa ninapoishi, Sundbyberg. Ni kimji kilichobanwa ubavuni mwa Stockholm, manispaa ndogo kuliko zote Uswidi kwa eneo, hata kilomita za mraba 9 haifiki. Mtu akihamia hapa leo anaandikishwa na ofisi ya kodi. Lakini hadi mwisho wa Juni 1991 kazi hiyo ilikuwa ya kanisa. Msomali Mwislamu, Mhindi wa Kampala aliyefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, Mkatoliki aliyeikimbia Chile, wote waliandikwa katika ofisi ya usharika wa Kilutheri wa pale walipohamia. Hakuna aliyewabatiza. Ni kwamba daftari la wakazi wa nchi hii lilikuwa ndani ya kabati la mchungaji, na lilikaa humo zaidi ya miaka 300.

Chanzo chake ni sheria ya kanisa ya mwaka 1686. Wachungaji wote waliamriwa kuandika nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, nani kahamia na nani kahama. Juu ya hayo walitakiwa kuwapima waumini wao. Mchungaji aliwakusanya watu wa kitongoji, akawauliza katekisimu ndogo ya Luther mmoja mmoja, kuanzia baba mwenye nyumba hadi kijakazi wa jikoni, akaandika kwa alama nani anasoma vizuri na nani anabahatisha. Baadhi ya wachungaji waliongeza mengine pembeni: huyu alishaugua ndui, huyu ana mguu mbovu, huyu kaenda Stockholm na hajarudi. Mtu akihama alipewa cheti akipeleke kwa mchungaji wa kule aendako. Kwa hiyo kitabu kimoja kinakukabidhi kwa kingine, kama kijiti cha mbio za kupokezana.

Waingereza walitangulia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Lakini kitabu cha Kiingereza kiliandika ibada tu. Mtu anabatizwa, anapotea miaka 25, anaibuka siku ya harusi, anapotea tena hadi azikwe. Kitabu cha Kiswidi kilimfuata mtu mwenyewe. Mimi ningechagua cha Kiswidi, ingawa sina hakika kama ningependa mchungaji aandike jinsi ninavyosoma.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, mzee mstaafu, amenionyesha jalada lake. Babu yake alikuja Sundbyberg kufanya kazi katika kiwanda cha nyaya za umeme. Ni lazima mjue kwamba hapa palikuwa mashamba matupu mpaka bwana mmoja, Anders Petter Löfström, aliponunua ardhi mwaka 1863, kisha reli ikapita 1876, akaanza kukata viwanja na kuviuza. Mwaka 1888 Sundbyberg ikapata utawala wake, ikajitenga na Bromma, na mwaka huohuo kiwanda cha nyaya cha Sievert kikaanza. Wafanyakazi walimiminika kutoka vijijini, kila mmoja na cheti chake mfukoni. Mzee alifuata cheti cha babu yake mpaka Värmland, kutoka pale kitabu hadi kitabu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1600. Yote hayo ameyafanya mezani kwake na kikombe cha kahawa, maana picha za vitabu hivi ziko kwenye mtandao wa Hifadhi ya Taifa, na tangu 2018 kuzitazama ni bure.

Msidhani wenzetu hawana mashimo. Zamani mtoto wa Anders aliitwa Andersson, na mwanawe naye akabeba jina jingine, mpaka sheria ya 1901 ilipotaka kila familia iwe na jina moja la kudumu. Tena mwaka 1778 mfalme Gustav III alitoa sheria iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kujifungua bila kutaja jina lake, ili wasichana waache kuwaua vichanga kwa aibu. Katika vitabu vya miaka hiyo kuna watoto ambao mama yao ameandikwa "hajulikani". Yaani mama, sio baba! Mzee ana mmoja katika ukoo wake. Alipofika kwenye ukurasa huo alifunga jalada taratibu, akaniambia: "Hapa njia imekatika."

Nilimwelewa, kwa sababu njia yetu sisi inakatika karibu zaidi.

Bromma, ile parokia ambayo Sundbyberg ilimegwa kutoka kwake, ilikuwa na chuo cha kufundishia wamisionari kilichoitwa Johannelund. Hapo alisoma kwa miaka 5, katika miaka ya 1870 na kuingia 1880, kijana wa Kioromo kutoka Ethiopia. Mama yake alimwita Hiikaa. Alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1869 na, kwa maelezo aliyoyaandika mwenyewe, alipita mikononi mwa mabwana 8 kabla ya kukombolewa Massawa mwaka 1870. Wamisionari wa Kiswidi walimsomesha, na tarehe 31 Machi 1872 wakambatiza. Jina walilompa ni Onesimos. Wasomaji wa Biblia mnalijua: ndiye mtumwa aliyemtoroka Filemoni. Baadaye Onesimos Nesib alitafsiri Biblia nzima kwa Kioromo, ikachapwa 1899, akisaidiwa na dada mmoja, Aster Ganno, ambaye naye alikuwa amekombolewa kutoka utumwani. Ni mtu mkubwa. Lakini angalia kilichotokea kwenye karatasi: jirani yangu akiliona jina la babu yake, jina linamsogeza nyuma kwa baba wa babu. Ukiliona jina la Onesimos, linakurudisha kwenye siku ya ubatizo wake na kukuacha hapo.

Tuje nyumbani sasa.

Tangu Julai 1837 cheti cha ndoa cha Uingereza kilikuwa na safu zilezile: tarehe, jina, umri, hali, kazi, makazi, kisha jina la baba na kazi ya baba. Muundo huo ulisafiri na Waanglikana hadi Afrika Mashariki. Kwa mtoto wa mkulima wa Kent safu hizo hazina shida. Sasa mpeni karani wa misheni kalamu, mwekeni mbele ya kijana aliyetekwa akiwa na miaka 5 au 6, aliyetembezwa hadi Kilwa, akapakiwa jahazini, akakamatwa baharini na manowari ya Kiingereza. Jina la baba? Kazi ya baba?

Vijana hao hawakuwa wachache. Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alifika Unguja mwaka 1864, akapewa na Sultani wavulana 5 waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi, aliyefanywa shemasi mwaka 1879. (Rafiki zangu wa hapa hufurahi sana wakisikia jina hilo. Nawaambia poleni, halihusiani na Uswidi hata kidogo.) Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni kuwa makao ya waliokombolewa. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na kuanzia 1874 manowari London ilitia nanga bandarini Unguja, mabaharia wakawa wanavizia majahazi kwa mashua. Upande wa Mombasa, CMS ilianzisha kijiji cha Freretown huko Kisauni mwaka 1875. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikwishafika Bagamoyo tangu 1868. Na Rabai, tarehe 1 Januari 1889, watumwa watoro wapatao 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye vituo vya misheni walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana zao fidia.

Hao wote walihitaji majina. Wengine walibaki na majina waliyopewa utumwani, na mtu wa pwani anayatambua mara moja: Mabruki, Farajallah, Feruzi, Majaliwa. Wengine walivikwa ya Kizungu. Chengwimbe, mtoto wa Kiyao, alikombolewa baharini, akapelekwa kusomeshwa Nasik kule India, akatoka akiitwa Matthew Wellington. Alikuwa miongoni mwa waliopelekwa kwa Livingstone mwaka 1872, akafa Mombasa mwaka 1935 akiwa mzee anayeheshimiwa. Jina la Chengwimbe limesalia kwa sababu watu walimhoji kuhusu Livingstone. Wangapi hawakuhojiwa kuhusu mtu yeyote?

Mmoja wao ni babu yetu. Majina yake siyaandiki hapa, shangazi yangu bado yu hai na ananisoma kupitia wajukuu zake. Nyumbani kwetu ni mkoa wa Tanga, upande wa Muheza, na tumejijua sote kuwa Wabondei. Ukoo tunaoutaja ni wa Kibondei, mizimu yetu ni ya Kibondei. Jina la Kiingereza linalosimama mwishoni mwa majina yetu tuliambiwa ni "la ubatizo tu". Binamu yangu alikwenda katika parokia ya zamani kutafuta cheti cha mtu mwingine kabisa, akafungua kitabu cha ndoa cha mwishoni mwa karne ya 19, akakuta mstari wetu. Akaupiga picha kwa simu na kunitumia.

Nimeukuza kwenye kompyuta mpaka wino ukawa ukungu. Umri wa bwana harusi: "kama 24". Kazi: mwalimu. Makazi: hapa misheni. Kwenye ukingo mtu kaandika kwa herufi ndogo: Myao. Safu ya jina la baba ina kistari. Safu ya kazi ya baba ina kistari. Mke wake naye, vistari viwili. Chini kuna mashahidi watatu, kila mmoja na jina moja la Kizungu na jina moja la Kiswahili kama babu. Mstari unaofuata ni wa Mbondei mwenyeji, na hapo safu ya baba imejaa: jina kamili, mkulima.

Nilimpigia shangazi. Baada ya shikamoo na habari za mbuzi nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Mwanangu, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe." Kumbe anajua. Amejua tangu akiwa msichana.

Sikumlaumu. Pwani yetu ina maneno mengi ya kumdhalilisha mtu asiye na baba wa kutajwa. Mtu alikuwa mateka, au mzalia, na hata akiwa huru miaka 40, siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba au ya kuposa neno hilo lilitolewa kabatini. Babu alioa, akafundisha, watoto wake wakaoa kwa wenyeji, wajukuu wakachukua ukoo wa kwa mama zao, na kufikia wakati wa bibi yangu tulikuwa Wabondei kweli, sio wa kuigiza. Kunyamaza ndiko kulikowapa wale watoto shamba na wachumba. Mimi naweza kuuliza kwa sauti kwa sababu niko Sundbyberg, ambako hakuna anayejua tofauti ya Mbondei na Myao. Shangazi yuko kijijini.

Lakini nimekwisha kuuona mstari, na sasa nausoma kama jirani yangu alivyonifundisha. Yeye huanza na wasimamizi wa ubatizo na mashahidi kabla hata ya wazazi. Anasema watu hawamwiti mgeni kusimama nao siku kama ile. Kwa watu wa Mbweni na Freretown kanuni hii ina uzito mara mbili, maana hawakuwa na ndugu wengine wa kuwaita. Kiswahili kina neno zuri ambalo siku hizi halisikiki, mjoli: mtumwa mwenzako, mliyekuwa chini ya bwana mmoja. Wale mashahidi watatu ndio wajoli wa babu, au wenzake wa shule, au waliotolewa naye jahazi moja. Mmoja wao akiwa ameacha habari popote, katika barua ya misheni au orodha ya wanafunzi, habari hiyo ni nusu yangu pia.

Neno "Myao" nalisoma kwa tahadhari. Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia ya kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, kwa hiyo mtoto wa kabila jingine aliyepita mikononi mwao aliweza kufika pwani akiongea Kiyao na kuandikwa Myao. Vivyo hivyo "Mnyasa" ilikuwa kapu la kila mtu aliyetoka upande wa ziwa. Hata hivyo si neno tupu. Wapo waliokuwa Wayao kweli, kama Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani, akasoma kwa UMCA, na mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Yeye alirudi kuhudumu kusini, karibu na watu wake. Miaka 14 kabla yake, mwaka 1876, Askofu Steere aliongoza kundi la waliokombolewa kutoka Unguja kuelekea Nyasa, kwao, wakaishia kujenga Masasi. Babu hakwenda na wale. Alipelekwa kaskazini, au alichagua kaskazini. Kistari hakisemi.

Majahazi yaliyokamatwa nayo yaliandikwa, na majedwali yake yalichapwa London kwa ajili ya bunge. Tarehe ipo, manowari ipo, hata jahazi lilibeba tani ngapi. Watu ni tarakimu: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Nimepitia kurasa hizo nikijua kwamba pengine katika tarakimu moja ya watoto yumo babu, na sitajua ni ipi.

Kwa wenzangu wenye asili ya parokia za Kikatoliki, hali yenu ni nzuri zaidi kidogo. Mapadre waliandika kwa Kilatini na walikuwa na desturi ya kuandika familia nzima pamoja, nyumba kwa nyumba, kwa hiyo mnapata kitu kinachokaribia kitabu cha Kiswidi. Paul Kollman aliandika kitabu mwaka 2005 kuhusu watumwa waliokombolewa wa Unguja na Bagamoyo, akitumia kumbukumbu za hao mapadre. Waganda nao wana bahati: rejista za ndoa za kanisa kuu la Namirembe zinaanzia 1895, na watafiti wamelinganisha safu ile ile, kazi ya baba, na kazi ya bwana harusi, kizazi hadi kizazi, kuona watoto wa wakulima walivyogeuka makarani na walimu. Nilipousoma utafiti huo nilikaa nikifikiria kwamba mtu wa kistari hawezi hata kuingia katika hesabu hiyo. Hana mahali pa kuanzia kupanda wala kushuka.

Waislamu wa pwani hawana vitabu hivi, lakini wana hati za wakfu na kumbukumbu za kadhi, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani zina mengi. Huko sijafika, namwachia anayejua aeleze.

Vitabu viko wapi? Karatasi za UMCA ziko Oxford, maktaba ya Bodleian. Za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za mapadre wa Bagamoyo nyingi ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. Lakini rejista zenyewe, zile za kalamu na wino, mara nyingi bado ziko parokiani, kwenye kabati lenye mchwa, chini ya maboksi ya mishumaa. Kile cha kwetu kimeachia jalada na kurasa za mwanzo zimeliwa pembeni. Misheni ya Masasi ilichomwa moto mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, kwa hiyo cha kwetu kuwepo mpaka leo tushukuru. Kama uko karibu na parokia ya zamani, mwombe padre ruhusa, nenda na simu yenye chaji na kitambaa safi, piga picha kila ukurasa, pamoja na ile isiyokuhusu. Mstari wetu ulipatikana na mtu aliyekuwa akitafuta wa mwingine.

Mwezi wa sita nikipata likizo nakwenda Oxford. Nina majina matatu ya mashahidi kwenye daftari langu, na naanza na yule wa katikati, maana mwandiko wa sahihi yake ni mzuri kuliko wa karani. Mtu aliyeandika vile lazima aliandika na barua. Shangazi nimemwambia kwamba nakwenda. Alicheka kidogo, akasema nikimpata huyo wa katikati nimpigie simu yeye kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.